Mpimaji na Majina ya Yule wa Chini

Mimi si mtu wa kushangazwa. Maisha nimeyaanza kwa kusukuma mkokoteni wa maji pale Ihumwa, madumu yanagongana, miguu peku, darasa la tano nimelikimbia kabla halijanifukuza. Leo simama barabarani Area D uulize nyumba ya mwenye mtambo wa visima, hata mtoto anayecheza gololi atakunyooshea kidole. Nimetapeliwa na wenye suti. Nimechekwa na wenye digrii, na wengine wao sasa wananiandikia barua za kuomba kazi. Nimemwona mheshimiwa mmoja, mtu mzito, akilia kama mtoto kwa sababu ya pampu. Nilikuwa nasema, na watu wangu wanajua ninavyosema, kwamba hakuna jambo chini ya jua la Dodoma litakalonifanya nifungue mdomo nikabaki nao wazi.

Sasa naandika habari za mtu aliyenifundisha woga. Si kwa ukali, maana hakuwa mkali. Tulimwita Mpimaji, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kupima ardhi na kusema maji yako wapi. Jina analo, na wenye haki nalo wanalijua. Kwao ni milima ya Kondoa, na zaidi ya hapo sikuuliza. Nilipomjua tayari alikuwa mzee, mwembamba, koti la kaki, mwavuli mweusi hata pasipo wingu, na moyo mbovu. Hilo la moyo liweke akilini tangu sasa. Vidonge vyake alivihifadhi kwenye kikopo cha filimu ya kamera, na kila alipotia kimoja chini ya ulimi, mtambo mzima ulizimwa na watu wote walinyamaza. Kila mtu kwangu alijua kwamba Mpimaji akituacha, tutabaki watu wa kutoboa ardhi tu kama panya buku. Mimi nilijua zaidi ya hao wote.

Tulikutana kwa sababu ya kununua nisichoweza kukisoma. Mtambo wangu wa kwanza nilioupata mnadani ulikuwa juu ya lori refu la kijani, la Kirusi, la enzi zile, na kila mkono na kila kifuniko kimeandikwa herufi zilizogeuka kama zimeangukiwa na kitu. Nikauliza mjini nani anasoma haya. Wakanielekeza kwa mstaafu mmoja aliyesomea habari za maji huko Urusi, wakati bado inaitwa Sovieti. Nikamkuta nyumbani kwake ananywesha mpapai kwa kikombe.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye tajiri wa hili dubwana? Nimelisikia tangu kona ya kule."

Akalizunguka lori polepole, akalipapasa pua kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari. Akasoma.

"Hapa wameandika, usivute mkono huu mtambo ukiwa unazunguka. Umeshavuta?"

"Nimevuta."

"Ndiyo maana hauzunguki."

Akajaribu kufungua kifuniko, kikambana kidole gumba, akasema neno. Chort. Kisha haraka akasema audhubillahi, akatema kushoto, akaendelea na kazi.

"Ndiyo nini hiyo, Mzee?"

"Shetani," akasema, ananyonya kidole. "Lakini si yule mkubwa. Huyu ni wa nyumbani, wa kukuangushia sufuria."

Hapo ndipo nilipolisikia la kwanza. Yaliyofuata nimeyasikia kwa miaka, garini, chini ya mwavuli, kwenye hoteli za ugali, na kwa kuwa sina cheti nilikuwa na nafasi kubwa kichwani ya kuyaweka. Nikikosea, kosa ni langu, lake lilikuwa kueleza tu. Alikuwa haelezi mawe kama alivyoeleza majina ya yule. Mawe aliyapima, yale majina aliyahadithia.

Alikuwa amelala hosteli moja na Mpoland, Mcheki na Mserbia, na alisema usiulize mtu dini yake, mbane kidole kwenye mlango usikilize. Mcheki alisema chert. Mpoland akikasirika alisema diabel, akikasirika kweli anarudi kwenye lile la kale, chart, au bies. Kwa Wacheki, mwanzoni mwa Desemba watu huvaa manyoya na pembe, huja na mnyororo na gunia kutisha watoto, na huyo ndiye chert. "Lakini kwenye hadithi zao ni mjinga," alisema. "Mwanakijiji anamlaghai anamchukulia hela. Ukishaona watu wanamcheka, ujue wanamwogopa."

Kisa chake alichokipenda ni cha vrag. Kwa Mrusi, vrag ni adui, basi, adui wa kawaida wa vitani. Kwa Mserbia neno hilohilo ni shetani. Siku moja profesa akasimama mbele ya darasa akasema maji ndiyo vrag wa mgodi. Mserbia akaangua kicheko, kwake yeye profesa mzima na miwani yake amesema kwenye migodi kuna shetani wa maji. Akatolewa nje.

"Sasa nani alikosea?" nikamuuliza.

"Hakuna. Neno lao ni moja, wamegawana kama ndugu wanavyogawana shamba la baba. Mmoja kapanda adui, mwingine kapanda shetani. Mpaka ni mfereji tu, unauruka."

Kuhusu mipaka alikuwa na mambo yake. Kupima maji ni kuvuta waya mrefu mstari mmoja ulionyooka, kupigilia vyuma ardhini, na kusoma kimashine kama sanduku la nguo. Ole wako uuvuke ule waya wakati anasoma. Nimemwona akimtoa diwani. Akaniambia asili ya chort hawaijui vizuri hata wao wenyewe. Wako wanaosema maana yake ni aliyelaaniwa. Wako wanaosema ni aliyekatwa, yaani kilema, ndiyo maana wanamchora anachechemea. Na wako wanaosema limetoka kwenye mstari, kwa sababu Kirusi mstari ni cherta, na waganga wao wa kale walichora mstari chini. "Hao wa mwisho wasomi wanawacheka," alisema. "Lakini mimi mtu wa waya nawaelewa." Akacheka peke yake. Mimi sikucheka. Niliuangalia waya ule umelala kwenye vumbi jekundu, na tangu siku hiyo nilikuwa nauzunguka kwa mbali, mimi mwenye mali.

Nakwambia ukweli, woga haukunijia kwa mkupuo. Uliingia kama maji yanavyoingia kisimani, kidogokidogo kutoka pembeni.

Ulianza na desturi. Kisima cha kwanza tulichochimba pamoja, mlingoti wa mtambo umesimama, kompresa ya kusukuma hewa inanguruma, nikamwambia kwa moyo mweupe, "Mzee, Mungu akujalie leo tupate maji mengi." Akaniangalia kama nimemtukania mama.

"Usiseme hivyo kwa sauti, tajiri. Anasikia."

"Nani?"

"Yule." Akaelekeza mwavuli chini. Akanieleza kwamba kule, mwindaji akienda porini, au mwanafunzi akiingia kwenye mtihani, hatakiwi heri. Mwenzake anamwambia, usipate unyoya wa ndege wala manyoya ya mnyama. Na yeye anajibu, k chortu, maana yake kwa shetani, yaani nenda nayo huko. Yule anayesikiliza anadhani watu hawa wamegombana, hawana matumaini, anaenda kutafuta wenye furaha wa kuwaharibia. "Bibi yako hakukuita jina baya ulipokuwa mtoto mnene, usije ukapatwa na kijicho?" akaniuliza.

Aliniita. Jina lenyewe siliandiki hapa.

"Basi ni hilohilo. Sisi wa visima tutasema hivi. Wewe unaniambia, usipate hata tone. Mimi najibu k chortu."

"Na ukisahau ukajibu asante?"

"Usijibu asante kamwe. Asante ni kukubali kwamba umeshapewa. Yule anapenda mtu aliyeshapewa."

Nilicheka. Nilikuwa bado mtu wa kucheka. Aliponiambia na mimi, kwa zamu yangu, "Usipate hata tone, tajiri," nikamjibu kwa dharau yangu yote, "Asante sana, Mzee." Mchana wa siku hiyo ardhi ilifunga mdomo. Kisima kilijifukia, kikameza mabomba yetu ya kuchimbia, vyuma vizima, na havijatoka hadi leo. Nilisimama ukingoni nikaangalia lile tundu jeusi, na kwa mara ya kwanza tangu niache mkokoteni, nikarudi nyuma. Mpimaji hakunisimanga. Aliweka mkono begani kwangu akasema Warusi wana neno lingine, bes, la kale kuliko makanisa yao. Akasema wenye kuchimbua maneno wanadai mzizi wake ni mmoja na wa neno lao la kuogopa. "Ukishaogopa, umeshamwita kwa jina lake," akasema. Alidhani ananituliza.

Baada ya hapo sikuanza kazi bila maneno yale. Vijana wangu waliyashika pia. Ungetusikia alfajiri, watu wazima tunatakiana ukame.

Sasa mtu huyohuyo hakuacha swala hata moja. Huo ndio ulikuwa utata wake. Alama ya sijida kwenye paji la uso, kanzu safi siku ya Ijumaa, na kichwani mwake foleni ya mashetani ya Kizungu. Nikimwuliza haoni aibu, alisema kumjua adui kwa majina yake yote si kumpenda. Dyavol lilikwenda kwao na kanisa kutoka kwa Wagiriki, na kwa Wagiriki wenyewe maana yake ni msingiziaji, mchongezi. Satana ndiye shetani wetu, ndugu wa tumbo moja. Ibilisi, alisema, kuna wanaodai ni Mgiriki huyohuyo aliyepita Uarabuni akabadilisha nguo, lakini wanazuoni wanasema jina lake linatokana na kukata tamaa. "Mimi nafuata wanazuoni," alisema, "kwa sababu nimekata tamaa mara kadhaa, na aliyekuwa pale alikuwa ni yeye."

Wengine hawamtaji kabisa. Wanasema lukavi, aliyepinda. Wanasema nechisti, asiye safi. Kama sisi usiku nyoka tunamwita kamba. Na Warusi wakistuka wanatema kushoto mara tatu, kama alivyofundishwa yeye madrasa kwamba ukiota vibaya, tema kushoto mara tatu. "Nani alimfundisha mwenzake?" aliuliza. Aliuliza hivyo kila mara na hakujijibu.

Jambo moja lilimharibia jina mtaani. Alikuwa mkarimu, mapapai yake yote yaliliwa na majirani, lakini asante haikumtoka mdomoni. Si kwenye kazi tu, hakuisema popote. Ukimpa kiti, anasema haya tu. Ukimlipa, haya. Dada wa hoteli tuliyokuwa tunakula alimchoka.

"Mzee wewe, huko Ulaya hawakukufundisha asante?"

"Walinifundisha, mwanangu."

"Basi iseme tusikie, haikatwi kodi."

"Mlenda wako mtamu," alisema, akakunja leso yake, akaondoka. Dada akabaki anasonya. Mimi nilijua sababu, nikalipa, nikamfuata.

Naja kwenye siku yenyewe.

Kijiji kilikuwa mbele ya Mvumi, mwendo wa kutikisika. Watu wa pale walikuwa wanafukua mchanga korongoni kupata maji ya kuteka kwa kikombe. Mwenyekiti wa kamati ya maji alikuwa mama mmoja mnene, sauti kali kama filimbi, Mgogo wa hapohapo. Alitupokea vizuri kwa salamu za kwao, mbukwenyi, mbukwenyi, viti vikaletwa, kijiji kizima kikakaa kutuzunguka na ndoo zao. Hapo ndipo palipokuwa na hatari na sikuiona. Siku zote tulikuwa tunaanza kazi mapema, peke yetu. Siku hiyo tulikuwa na hadhara.

Nikasogea, nikasema kwa sauti ya kawaida, "Usipate hata tone, Mzee."

"K chortu."

Mtambo ukaanza. Vumbi jeupe likapanda. Mama mwenyekiti akanyanyuka.

"We tajiri. Umemwambia nini huyu mzee?"

"Ni utani wa kazini, mama."

"Utani? Watoto wangu wanakunywa maji na ng'ombe, wewe unamtakia asipate tone? Na wewe Mzee, umemjibu nini?"

Yeyote mwenye akili angesema nimejibu amina. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme hivyo. Lakini Mpimaji alikuwa na ugonjwa mmoja mbaya kuliko wa moyo, akiulizwa maana ya neno anaieleza. Alikunja mwavuli akaeleza. Alieleza wawindaji, manyoya, chort na mstari, yule anayesikiliza chini. Alieleza vizuri, taratibu, kama yuko darasani. Akamalizia, "Kwa hiyo nilichosema, mama, ni kwa shetani."

Nilisikia kompresa tu. Kisha mwanamume mmoja nyuma akasema, bila kupaza sauti, "Kisima chetu wamempa shetani."

Unajua watu wanavyotusema sisi tuliopata mali bila shule. Niliwasikia wakiyasema yote. Utajiri wake umetoka wapi. Hawa ndio wale wa kafara. Na huyo mzee angalieni macho yake mekundu. Macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi, lakini wazee wangapi katika nchi hii wamekufa kwa macho mekundu? Wanaume wakasimama na fimbo zao za kuchungia. Na lile tundu, kana kwamba limesikia, lilikuwa linatema vumbi kavu, mita baada ya mita, hata unyevu hakuna.

"Zimeni," akasema mama mwenyekiti.

Tukazima. Wakatukalisha chini kwenye kivuli cha lori, mimi, vijana wangu na Mpimaji, wakatuzunguka. Nikamwona mtu mmoja amefungua kifuniko cha dumu letu la dizeli, ananusa. Ananusa tu, kama mtu anayepima maziwa kama yameganda. Mkojo ulinijia. Sikufikiria mtambo, na mtambo ule ulikuwa maisha yangu yote. Nilifikiria jambo moja, wakianza wataanza na yeye. Mpimaji alikuwa ametoa kikopo chake cha filimu, kidonge kikaanguka mchangani. Nikakitafuta kwa vidole nikampa.

"Mzee, waambie umekosea tafsiri," nikanong'ona.

"Sikukosea."

"Waambie hivyohivyo."

Akakiweka kidonge chini ya ulimi. Akaangalia jua, kisha akasema kwa sauti, wazi kabisa, "Alasiri imeingia. Nani ana maji ya udhu?"

Mtu akacheka kwa ubaya. "Maji? Kamwombe mwenzako huko chini."

Basi akasimama. Fimbo zikainuka. Akatembea polepole hadi kwenye mdomo wa kisima, palipokuwa na rundo la vumbi lililotoka ardhini, akavua viatu. Akasema bismillahi, akapiga viganja vyake viwili kwenye lile vumbi, akapaka uso. Akapaka mikono. Uso wake ukawa mweupe kama wa maiti. Wenye dini yake hapo wanajua, pasipo na maji mtu hutawadha kwa udongo safi. Akaelekea kaskazini, akaanza kuswali. Vijana wangu walikuwa wanalia. Mimi nilikuwa naangalia mgongo wake unainama, unanyooka, unakwenda chini, paji la uso kwenye vumbi lilelile, na nilikuwa nahesabu pumzi zake kwa sababu niliona jinsi zilivyokuwa zinamshinda.

"Hata shetani anajua kusujudu," akasema yule wa dizeli.

Mama mwenyekiti akamgeukia. "Hajui."

"Nini?"

"Nimeolewa na Mrangi, Mwislamu wa Kondoa, miaka yote hii, nimesikia mahubiri yao na ya kwetu mpaka nimechoka. Kosa la shetani ndilo hilo. Aliambiwa asujudu akakataa. Huyu mzee amepaka usoni udongo wa hilo tundu na amesujudu mbele yangu. Kama tundu ni la shetani, uso huo ungeungua." Akamnyooshea kidole. "Weka hilo dumu chini, baba."

Akaliweka. Lakini hakufunga kifuniko.

"Mtaendelea," mama akatuambia. "Maneno hayo nisiyasikie tena. Na hamwondoki hapa mpaka maji yatoke. Yasipotoka..." Akaliangalia lile dumu.

Nimechimba visima vingi mkoa huu na mikoa ya jirani, sijawahi kuchimba kama siku ile. Kila bomba lililoshuka nililisindikiza kwa macho. Vumbi. Vumbi. Mpimaji amekaa kwenye sanduku lake, uso bado mweupe, mkono kifuani. Halafu rangi ya vumbi ikaiva, likawa tope, na maji yakaruka juu ya mlingoti, yakatuangukia sote. Hakuna aliyepiga vigelegele. Mama mwenyekiti alikinga kikombe, akanipa mimi kwanza. Nikanywa tope lile. Akasubiri kuona kama nitaanguka. Kisha akanywa yeye. Ndipo ndoo zilipoanza kugombana.

Kabla ya kuondoka aliniapisha mbele ya watu wote, kwamba kinywa changu hakitasema tena maneno yale. Niliapa kwa jina la mama yangu, na mimi kiapo changu ni mali.

Garini nilikuwa na hasira ya mtu aliyekuwa anaogopa. "Mzee, ungedanganya kidogo tu. Neno moja."

Akanijibu tulipoiona lami. "Nilikwambia dyavol kwa Wagiriki ni nani."

"Msingiziaji."

"Basi. Pale kila mtu alikuwa anamtaja. Mimi ningedanganya, ningekuwa nimemleta mwenyewe."

Tangu siku ile tulichimba bila desturi. Nilikuwa namwangalia tu alfajiri na yeye ananiangalia, kama watu wawili wenye deni ambao hakuna anayetaka kulitaja. Maji tulipata. Mimi usingizi sikupata.

Mwaka jana moyo wake ukakataa. Watoto wake wako mbali na walikuwa njiani, kwa hiyo nilimpeleka mimi, hospitali kubwa, na pale dirisha la malipo nikasema kila kitu kiandikwe kwa jina langu. Madaktari walieleza bila kuficha kwamba bila upasuaji hakuna kitu, na upasuaji wenyewe kwa umri ule ni bahati. Walifanya kazi yao vizuri, sina neno nao.

Asubuhi nilimkuta kwenye kitanda cha magurudumu, gauni la kijani, hana koti la kaki wala mwavuli, na ndiyo kwanza nikaona alivyo mdogo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, tajiri." Akaniangalia sana. "Hujaniambia."

Nilijua anataka nini. Nesi amesimama upande wa kichwani. Kiapo changu nilikikumbuka. Na yule wa chini, nilimhisi chini ya sakafu ile ya vigae, ametega sikio. Nikaona heri nivunje kiapo kuliko kumwacha aingie mle ndani bila kinga.

"Usipate hata tone, Mzee."

"Baba," nesi akasema, "ndiyo maneno gani hayo ya kumwambia mgonjwa?"

Sikumjibu. Nilikuwa nasubiri jibu langu. Mpimaji akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa kikavu kama siku ile ya vumbi.

"Asante, mwanangu," akasema.

Nilidhani dawa zimemchanganya. "Mzee, jibu vizuri."

"Nimejibu."

Kitanda kikaanza kusukumwa. Nikakifuata, nikaanza kukimbia, mimi na kitambi changu na viatu vyangu vya ngozi, korido imejaa watu na ndugu zao. "Mzee, sema lile. Sema kwa shetani! Tafadhali, Mzee, sema kwa shetani!" Mama mmoja akamfunika mtoto wake macho. Mlinzi akanishika kifuani. Mpimaji aligeuza kichwa kwenye mto, akatabasamu kama alivyotabasamu siku aliyosoma kile kifuniko cha lori, na milango ikajifunga.

Nilikaa kwenye benchi bila kumwangalia mtu. Daktari alipotoka alikuwa ameshavua kofia yake, ameishika mkononi, akaniambia Mzee ametuacha.

Nikaenda dirishani kulipa. Mhasibu, binti mdogo, akachapa, akapiga muhuri, akanisukumia risiti. "Asante, baba. Pole sana."

Nikafungua mdomo. Ukabaki wazi. Kisha nikasema, "Haya," na binti akaniangalia kama yule dada wa hoteli alivyokuwa akimwangalia Mpimaji. Nikasimama palepale nikaisoma risiti mwenyewe, taratibu, bila msaada wa mtu: shilingi milioni tatu, laki moja, elfu themanini na saba na mia tano.